Sabuni ya Kufikia Nyumbani

Nilikuwa na haraka ya kuuza gari la marehemu baba, na gari lilikuwa linavuja petroli. Kisa chote ndicho hicho. Mengine nitakayosema hapa yametoka humo, na mpaka leo sijayamaliza kichwani, ndiyo maana nayaandika.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, pikapu, Series III ya mwaka 1978. Baba alilinunua kwenye mnada likiwa limeshachoka, akalifufua, akabebea pamba, baadaye akabebea dagaa kutoka mwaloni. Alipofariki lilikaa uani kwetu Igoma miezi minane chini ya turubai. Mimi siyo mtu wa magari. Nilichokuwa nacho ni mdogo wangu mwenye ada ya chuo isiyosubiri, na deni dogo la mazishi ambalo watu walikuwa na adabu ya kutolidai kwa sauti.

Mnunuzi alipatikana Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshaanza. Mfanyabiashara wa dagaa wa Nansio, Ukerewe. Tukakubaliana kwa simu milioni tisa, yeye aje Jumamosi alione, aliendeshe kidogo, na likimpendeza aondoke nalo siku hiyo hiyo. Aliniambia wazi kwamba kuna gari lingine Bunda amelisikia, hivyo nisimpotezee muda. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi nikaliwasha ili nilipeleke kuoshwa, na kabla sijatoka getini nikasikia harufu.

Nikalipeleka Nyakato, kwa fundi aliyekuwa akilitengeneza enzi za baba. Gereji yake ni mwembe mmoja na makontena mawili kando ya barabara ya Musoma. Ni mzee, mtu wa maneno machache. Nikamsalimia "Mwangaluka", akaitikia huku ameshainamisha kichwa ndani ya boneti, kama daktari anayemsalimia mgonjwa badala ya aliyemleta.

Akaniambia, "Washa."

Nikawasha.

"Zima."

Nikazima. Akaniita nione mwenyewe.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuchungulia injini ya namna hii, ngoja nieleze, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Kwenye pikapu hiyo tanki la petroli liko chini ya kiti cha mbele, upande wa dereva. Yaani dereva anakalia mafuta. Petroli inavutwa kutoka huko na pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini. Pampu hiyo haitumii umeme, inaendeshwa na mzunguko wa injini yenyewe, na chini yake kuna kikombe cha kioo ambamo unaweza kuyaona mafuta na uchafu uliotuama. Kutoka kwenye pampu linatoka bomba jembamba la chuma kwenda kwenye kabureta. Bomba hilo limeshikwa kwenye pampu na nati, na ndani ya nati kuna pete ndogo ya shaba, si kubwa kuliko tundu la sikio la mtoto. Pete hiyo ikibanwa vizuri inalikumbatia bomba, na mafuta hayana pa kupita.

Hapo ndipo palipovuja. Ila palivuja kwa masharti. Injini ikizimwa, pampu haisukumi, pakavu kabisa. Injini ikiunguruma, tone linajitokeza chini ya nati, linaning'inia, linaanguka, linakuja lingine.

Fundi akasema, "Gari yako ina adabu. Ikikaguliwa imelala, haina tatizo."

Nikacheka, lakini nilishaanza kupiga hesabu. Nikamuuliza kama anaweza kuibana tu ile nati. Akasema imeshabanwa, tena na mtu mwenye hasira. Aliyeibana alikuwa anadhani kuvuja ni ukosefu wa nguvu, akaisokota mpaka pete ikaliminya bomba likawa na kiuno. Tena alikuwa ameviringisha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye meno ya nati. Fundi akaigusa kwa ncha ya bisibisi. Akaniambia mafuta hayazuiwi na meno. Meno kazi yake ni kuvuta tu. Kinachozuia ni pete, ndani, pale usipopaona. Kuweka tepu kwenye meno ni kufunga mlango wa mbele wakati mwizi anapita dirishani, na vipande vya tepu vikikatika vinakwenda kuziba kabureta.

Dawa yenyewe haikuwa kubwa. Kukata kile kipande cha bomba kilichominywa, kuweka pete mpya, kufunga taratibu. Tatizo ni kwamba vipimo vya gari hilo ni vya inchi, pete ya namna hiyo hakuwa nayo, ingebidi itafutwe mjini, na alikuwa na magari mawili mbele yangu. Jumapili, alisema. Labda Jumatatu.

Mnunuzi anakuja Jumamosi.

Hapo ndipo nikaitaja sabuni.

Kila aliyesafiri na magari ya zamani huku kwetu anaijua. Tanki likitoboka njiani, konda anachukua kipande cha sabuni ya mche, anakisugua na kukikandamiza kwenye tundu, safari inaendelea. Siyo uchawi. Petroli haiyeyushi sabuni, basi sabuni inakaa pale kama nta. Nilikuwa nimemwona baba mwenyewe akifanya hivyo zaidi ya mara moja. Nikamwambia Fundi azungushie kitambaa na sabuni pale kwenye nati, inatosha. Hata kama itashika siku mbili.

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Unakwenda wapi nayo?"

"Nyumbani. Halafu kesho kuna mtu anakuja kuiona."

"Kuiona au kuinunua?"

"Kuinunua."

Akafuta mikono kwa kitambaa, pole pole, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Mwanangu, sabuni ninayo. Ya kukufikisha nyumbani nitakupa sasa hivi. Ya kukufikisha sokoni sina."

*

Nilikasirika. Naomba niwe mkweli hapa, maana makala za namna hii huwa zinamfanya mwandishi aonekane ameelimika palepale. Mimi sikuelimika. Niliona mzee ananichezea. Sabuni ni ileile, nati ni ileile, tone ni lilelile. Kwa nini leo iwe msaada na kesho iwe uovu?

Nikamwuliza kama anaogopa kuharibiwa jina. Hili niliona ni pigo zuri. Akajibu, "Ukerewe nani ananijua?"

Jibu hilo lilinisumbua njia nzima. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu msingi wa maadili, ana mfano wa mwenye duka asiyewapunja wateja wake, hata mtoto. Anauliza: je, anafanya hivyo kwa sababu ni haki, au kwa sababu duka lenye sifa nzuri linauza zaidi? Kwa nje huwezi kuwatofautisha watu hao wawili. Unawatofautisha siku ambayo uaminifu haulipi. Ijumaa ile haukuwa unamlipa Fundi. Kazi ya sabuni ingemchukua dakika tano, ningemlipa, na mnunuzi angevuka maji bila kujua kama kuna fundi Nyakato.

Basi tofauti iko wapi kati ya sabuni ya nyumbani na sabuni ya sokoni?

Nadhani ni hii. Kiraka chenyewe si uongo. Nchi hii inatembea kwa viraka, na anayevidharau hajawahi kukwama usiku na abiria kumi na wanne wenye njaa. Gari lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, radieta iliyozibwa kwa gundi, kiti kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu: vyote hivyo ni akili ya watu wenye fedha kidogo na safari ndefu. Kiraka ni ahadi ya muda. Kinasema: nitashika mpaka mahali fulani, baada ya hapo usinitegemee. Kikisemwa hivyo kwa mtu anayekikalia, hakuna aliyedanganywa. Baba alipopaka sabuni, alijua, sisi tuliokaa naye tulijua, na wote tulikuwa tunanusa hewa kila baada ya dakika tano.

Sabuni ya sokoni ni kiraka kilekile kilichonyang'anywa sauti. Hakimwambii mtu kitu. Kazi yake ni kukausha nati mbele ya macho ya mtu mmoja kwa muda wa kuhesabu fedha. Baada ya hapo hata kikidondoka, kimeshamaliza kilichotumwa.

Waswahili tuna msemo wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Tunautumia kumcheka mnunuzi: kwa nini hakufungua gunia? Ni nadra kumtaja aliyelifunga.

*

Usiku ule sikulala vizuri, nikafanya kile ambacho watu wa vitabu hufanya wanapotaka kukwepa uamuzi. Nikasoma. Nilikumbuka kisa kimoja cha Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, aliyemwandikia mwanawe kitabu kuhusu wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, mwanawe akiwa masomoni Athens. Katika sehemu ya tatu ya kitabu hicho analeta mfano wa mtu anayeuza nyumba yenye kasoro. Nyumba inaleta maradhi, vyumbani wanaonekana nyoka, mbao zimeoza, na hakuna anayejua isipokuwa mwenye nyumba. Anauza bila kusema. Je, ametenda haki?

Cicero anawasimamisha wanafalsafa wawili wabishane, mwalimu na mwanafunzi wake. Antipater, yule mwanafunzi, anasema kumwacha mtu aingie hasarani kwa kutojua ni sawa na kumwona amepotea njia ukanyamaza, na pengine ni vibaya zaidi. Diogenes wa Babiloni, mwalimu wake, anasema hapana. Kutosema siyo kuficha. Hakuna aliyemlazimisha mtu kununua, nyumba iko wazi, mnunuzi ana macho. Na tena, anasema, hebu fikiria dalali anayesimama mnadani kutangaza kwamba anauza nyumba ya maradhi. Kuna kichekesho zaidi ya hicho?

Nilimpenda sana Diogenes usiku ule. Alikuwa wakili wangu. Hata nilipofika mahali Cicero anapoamua, na anaamua kwa upande wa Antipater, niliona kama hakimu ameonewa na mawazo mema.

Lakini kuna jambo Diogenes hana jibu nalo, nalo ni sabuni. Kunyamaza ni kitu kimoja. Ukinyamaza, gari bado linaweza kujisemea lenyewe: litanuka, litadondosha. Mimi sikutaka kunyamaza tu. Nilitaka kulinyamazisha gari.

Kuna simulizi maarufu miongoni mwa Waislamu ya Mtume kupita sokoni, akakuta lundo la nafaka linauzwa. Akaingiza mkono ndani ya lundo, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Ninachokipenda katika simulizi hiyo ni ule mkono unaoingia ndani. Biashara nyingi zinafanyika kwa macho, na macho yanaishia juu. Kinachozuia mafuta, alivyosema Fundi, ni pete, pale usipopaona.

Saa saba usiku nikawa nimefika kwenye uamuzi ambao niliuona wa kiungwana. Nitamwambia mnunuzi. Nitapaka sabuni mwenyewe, sihitaji fundi, lakini nitamwonyesha: hapa panavuja, hii ni sabuni, ukifika kwako tafuta pete. Nitamshushia laki mbili. Hakuna siri, hakuna dhambi. Antipater ameridhika, Diogenes ameridhika, mdogo wangu amelipiwa ada.

Asubuhi nikapita Nyakato kumwambia Fundi, nadhani kwa kutaka sifa.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Atapita njia gani kwenda kwao?"

"Bunda, halafu Kisorya. Pale anavuka na pantoni."

"Na wale wa kwenye pantoni, nao umewaambia?"

*

Asiyeijua safari hiyo aijue. Kwenda Ukerewe kwa gari unashika barabara ya Musoma mpaka Bunda, unakata kushoto mpaka Kisorya, pale unaingia kwenye pantoni kuvuka kwenda Rugezi. Magari yanapangwa karibu karibu. Katikati yake wanasimama watu: akina mama na mabeseni, watoto wa shule, bodaboda wamekalia pikipiki zao, mtu ana kuku. Mnapokaribia ng'ambo, madereva wanawasha injini kwa pamoja, wapate kushuka. Gari langu, lenye adabu, ambalo halivuji likilala, lingekaa kimya maji yote, halafu lingeanza kudondosha mafuta kwenye sitaha yenye joto la injini saa ileile kila mtu amebanana kutafuta mlango.

Na kuna kitu kingine, ambacho Fundi alikitaja kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, ila inayeyuka kwenye maji. Na ilikuwa Novemba.

Sisi wa Mwanza hatuhitaji kuelezwa kuhusu vyombo vya majini. Kwetu Igoma ndiko yaliko makaburi ya waliokufa na MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika bandarini, imebeba watu kupita uwezo wake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, hukohuko wilaya ya Ukerewe, wakafa zaidi ya watu mia mbili. Na kuhusu petroli, nani amesahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori lilipoanguka na moto ukachukua zaidi ya watu mia moja? Sisemi kwamba pete yangu ya shaba ingeleta jambo la ukubwa huo. Pengine lisingetokea lolote. Pengine mnunuzi angefika Nansio, akacheka, akatafuta pete. Ninachosema ni kwamba abiria hana mkono wa kuingiza kwenye lundo. Analipa nauli, anasimama anapopata nafasi, na amewaamini watu ambao hajawahi kuwaona: aliyechomelea sitaha, aliyehesabu tiketi, na sasa pia mimi, mtu wa Igoma mwenye haraka.

Mabishano yote ya Cicero ni kati ya watu wawili, anayeuza na anayenunua. Kumbe kwenye kila biashara ya kitu kinachotembea kuna mtu wa tatu, ambaye hakuitwa kwenye mazungumzo, hakupunguziwa laki mbili, na hajaulizwa kama anakubali. Ukweli wangu kwa mnunuzi ungenisafisha mimi mbele yake. Kwa yule mama mwenye beseni, ulikuwa hauna kazi yoyote.

Najua hoja hii ikivutwa haina mwisho. Kila gari barabarani lina kitu kibovu, na kila dereva amembebesha mtu asiyemjua hatari fulani. Tukisema kila kasoro itengenezwe kwanza, nusu ya mkoa itatembea kwa miguu, na mgonjwa wa Sengerema hatafika Bugando. Mstari uchorwe wapi? Sina rula. Ila najua upande gani wa mstari nilikuwa nimesimama. Taa ya nyuma iliyopasuka siyo petroli inayodondoka. Na kasoro usiyoijua siyo sawa na ile unayojua jina lake, mahali ilipo, na kwamba siku mbili na pete moja vinaimaliza. Mimi nilikosa vitu vichache sana vya kujitetea navyo. Nilikosa subira tu.

*

Mnunuzi alifika saa nne. Nikamwambia gari linavuja, liko kwa fundi, litakuwa tayari Jumatatu. Alikuwa mstaarabu. Akapitia Nyakato, akaliangalia, akasifia bodi, akaenda Bunda. Jioni akanipigia: amelichukua lile lingine. Alinishukuru kwa kumwambia. Shukrani hiyo sikujua niipeleke chuo gani ikalipe ada.

Jumatatu nilikwenda kukaa pale chini ya mwembe, kwa uchungu na udadisi. Fundi alitoa waya wa betri kwanza. Akaweka kopo chini ya pampu. Akashika spana mbili, moja ya kushikilia, moja ya kuzungusha, kwa sababu ukitumia moja unalinyonga bomba zima. Akakwaruza mabaki ya tepu kwenye meno mpaka shaba ikang'aa. Akakata kile kiuno cha bomba, kipande kisichofika urefu wa njiti ya kiberiti, akalainisha ncha kwa tupa, akapuliza ndani. Pete mpya ilikuwa kwenye karatasi mfukoni mwa shati lake. Akaivisha, akaizungusha nati kwa vidole mpaka vidole vikagoma, ndipo akashika spana, akasogeza kidogo, akasimama. Nilisubiri asokote. Hakusokota.

"Inatosha?"

"Ikizidi inarudi ilikotoka."

Akawasha, akaweka kipande cha karatasi nyeupe chini ya nati, akaenda kunywa chai. Robo saa baadaye karatasi ilikuwa kavu.

Nikiwa nimekaa pale nilimkumbuka Aniceti Kitereza, mzee wa Ukerewe, aliyemaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945 kwa Kikerewe, ikaja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Nilipoisoma ujana nilichoshwa na jinsi anavyosimamisha hadithi ili aeleze namna kazi inavyofanyika, hatua kwa hatua, kilimo, uvuvi, pombe, dawa. Niliona anachelewesha. Siku hizi nadhani alikuwa anasema jambo lilelile ambalo Fundi hakulisema. Kwake, namna mtu anavyofanya kazi ambayo hakuna anayemsimamia ilikuwa sehemu ya hadithi yenyewe, na pengine mahali pa kwanza pa kumjua mtu.

Gari liliuzwa Februari, kwa milioni saba na laki nane, kwa mkulima wa Magu. Mdogo wangu alichelewa kufanya mtihani mmoja kwa sababu ya ada, akaufanya baadaye. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba ukweli ulilipa. Ulinigharimu milioni na laki mbili na ugomvi wa nyumbani. Wanaosema uaminifu ni mtaji wanamaanisha kitu kizuri, lakini mtaji unatarajiwa kurudi na faida, na siku usiporudi, utaufanyaje?

Jambo linaloniuma zaidi si hizo fedha, ni kwamba ule haukuwa uaminifu wangu. Nilikwenda Nyakato nikiwa tapeli aliyekosa kipande cha sabuni. Kama Fundi angekubali, Jumamosi ile ningekuwa nimesimama kando ya boneti nikitabasamu, na leo ningekuwa naandika makala nyingine, labda kuhusu ushairi. Tumezoea kuuzungumzia uadilifu kama kitu kinachokaa ndani ya mtu mmoja mmoja, huyu anao, yule hana. Mimi nilichokiona ni kwamba mara nyingi tunaazimwa. Udanganyifu mwingi unahitaji mikono zaidi ya miwili: mwenye kutaka, na mwenye kujua namna. Fundi wa kupaka, karani wa kugonga mhuri, mkaguzi wa kutazama pembeni. Mmoja wao akisema "hiyo sina", mwingine anarudi nyumbani akiwa mtu mwema bila kupenda. Sijui kama wema wa namna hiyo unahesabiwa. Ila abiria wa pantoni hawaulizi ulikuwa wa nani.

Yule mkulima wa Magu alipokuja kulichukua gari, nilimwonyesha kila kitu, hata kutu ya chesisi ambayo hakuiuliza. Kwenye boksi la spana alikuta kipande cha sabuni ya mche kimefungwa kwenye kitambaa. Fundi alikuwa ametimiza ahadi yake. Akaniuliza ni ya kunawia?

Nikamwambia hapana, mzee wangu. Hiyo ni ya kufikia nyumbani.